Meli Inapokuwa Nyumba: Chakula na Huduma katika Safari Fupi na Safari Ndefu

Mada iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa mtumiaji, Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma



 Wazee wangu, najua kwamba wengi wenu mlisafiri katika ziwa hili kabla mimi sijazaliwa. Sikuja kuwafundisha ziwa. Nimekuja kuzungumzia jambo moja ambalo abiria wengi hulikumbuka chombo kikiwa kimekwisha kung'oa nanga: nitakula nini, nitakunywa nini, nitapumzika wapi, na nani atanihudumia hadi nifike?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbani usemi huo una haki yake. Siku ya kwanza mgeni huchinjiwa kuku, na siku ya tatu huongozana na wenyeji kondeni. Melini mambo ni kinyume. Abiria hawezi kupewa jembe. Hana shamba la muhogo pale, hana jirani wa kumwomba chumvi, na hana njia ya kutoka akiona chakula ni kibovu. Kadiri saa zinavyosonga, ndivyo anavyozidi kuwa mikononi mwa mwenye chombo. Kwa hiyo safari inapokuwa ndefu, wajibu wa mwenye meli unakuwa mkubwa zaidi, na maandalizi ya abiria nayo yanapaswa kuongezeka. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo.

Safari fupi inauza nini

Tuanze na safari fupi. Boti za mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja hutumia takriban saa 2. Humo abiria hununua hasa kiti na mwendo. Chakula kinachouzwa ni vitafunwa: maji ya chupa, soda, biskuti, sambusa na mfano wa hivyo. Tofauti ya madaraja ni ya kiti na nafasi zaidi kuliko ya chakula. Mtu aliyekosa chakula kwa saa 2 hajadhurika, kwani atashuka na kula Darajani au Kariakoo.

Hapa kwetu, anayepanda boti ya injini kutoka kijiji kimoja kwenda Liuli au Mbamba Bay naye yumo katika kundi hilo. Hatarajii kupikiwa. Anachotarajia, na anachostahili, ni chombo kisichojazwa kupita kiasi, jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, na nahodha anayejua kusoma upepo.

Kuna jambo moja ambalo safari fupi hulificha. Kipindupindu huweza kujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya mtu kula au kunywa kilichochafuka. Virusi vya kutapisha na kuharisha vinavyosumbua sana abiria wa meli duniani, viitwavyo norovirus, kwa kawaida hujitokeza baada ya saa 12 hadi 48. Kwa hiyo anayekula samaki aliyechacha katika safari ya saa 3 huenda asiugulie melini. Huenda akaugulia nyumbani, kesho yake, na familia itamshuku mama mkwe aliyempokea kwa ugali. Meli itakuwa imekwisha kuondoka na sifa yake njema. Ndiyo maana tunasema safari fupi isiyo na malalamiko si lazima iwe safari fupi yenye chakula safi.

Safari ndefu inauza nini

Sasa tuje kwenye safari ndefu. Wakubwa hapa wanaikumbuka MV Songea, iliyokuwa ikitoka Itungi, Kyela, ikipita mwambao wetu hadi Mbamba Bay kwa safari ya takriban siku nzima. Mwaka 2021 ilizinduliwa MV Mbeya II, meli iliyojengwa kubeba abiria 200 na shehena ya tani 200. Upande wa Malawi, MV Ilala imekuwa ziwani tangu mwaka 1951, ikihudumia Monkey Bay, Likoma, Nkhata Bay na vituo vingine. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia yake, abiria hulala melini.

Nje ya Nyasa, kuna safari ya usiku ya MV Victoria kati ya Mwanza na Bukoba. Katika Ziwa Tanganyika, MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilifanya kwa miongo mingi safari ya siku kadhaa kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia.

Katika meli kama hizo abiria hanunui kiti peke yake. Ananunua jiko, kisima, choo, mahali pa kulala na mlinzi wa mizigo yake. Tofauti ya madaraja huwa kubwa zaidi. Wa daraja la kwanza hupata chumba na kitanda, na hukaa karibu na mgahawa wenye meza. Wa daraja la chini hujitafutia nafasi sitahani au kwenye mabenchi, kati ya magunia na matenga ya kuku, na chakula chake hutegemea kantini au kapu lake mwenyewe.

Chakula chenyewe hubadilika kadiri safari inavyoendelea. Siku ya kwanza samaki ni wa asubuhi ile na mboga ingali kijani. Baadaye, kama meli haina jokofu la kutosha na haijapakia upya, mboga hunyauka, samaki wabichi huwapisha usipa wa kukaushwa, na mpishi huanza kurudia wali na maharagwe. Hilo si kosa, kwa kuwa maharagwe yaliyopikwa vyema ni chakula kamili. Kosa ni pale chakula cha mchana kinapokaa vuguvugu hadi jioni kikauzwa tena. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Kiliwe kingali cha moto, au kihifadhiwe katika baridi ya chini ya nyuzi 5 na kipashwe hadi kichemke.

Tujifunze kwa meli za kitalii

Mtaniuliza, kwa nini mtu wa Lundo ahangaike na meli za kitalii za mbali? Sababu ni mbili. Kwanza, ujenzi wa bandari ya kisasa Mbamba Bay unafungua mwambao huu kwa safari za namna nyingi, na vijana wetu wataajiriwa katika huduma hizo. Pili, kampuni za huko zimeuza safari fupi na ndefu kwa muda mrefu, na makosa ya wateja wao yanaweza kutufaa.

Kutoka Florida, Marekani, zipo safari za siku 3 au 4 kwenda visiwa vya Bahamas, na zipo nyingine za majuma kadhaa. Kwa muda mrefu kampuni nyingi zilizoea kupeleka meli zao kongwe kwenye njia fupi. Katika safari hizo abiria hubadilishwa mara mbili kwa juma. Wahudumu husafisha vyumba vyote na kupokea wageni wapya ndani ya saa chache, na hawapati muda wa kumjua mgeni anayekunywa chai bila sukari. Katika safari ndefu, mhudumu humjua mgeni kwa jina, na jikoni hulazimika kupanga mzunguko wa vyakula ili watu wasichoke.

Hata hivyo, tusiseme kwamba fupi ni mbaya na ndefu ni nzuri. Mwaka 2024 kampuni ya Royal Caribbean iliiweka meli yake mpya kabisa, Utopia of the Seas, kwenye safari za siku 3 na 4. Na safari ndefu ina mzigo wake, kwani ugonjwa ukiingia jikoni unapata muda wa kuenea. Nchini Marekani, wakaguzi wa afya hukagua meli hizo bila kutoa taarifa mapema na kuzipa alama kati ya 100. Inayopata 85 au chini yake imefeli. Nao hutangaza hadharani mlipuko wa maradhi ya tumbo pale asilimia 3 au zaidi ya abiria au mabaharia wanapougua, katika safari za siku 3 hadi 21. Hata ile safari ya siku 3 wanaitazama kwa jicho la mashaka.

Funzo ni hili: urefu wa safari hukuonyesha nini cha kuuliza, lakini jibu la swali lako haliwezi kutabiriwa kwa kuhesabu siku.

Neno "chakula kipo"

Naomba niwasimulie jambo nililoliona mwenyewe. Chombo sitakitaja, wala ziwa sitalitaja.

Tulikuwa tumeambiwa safari ingechukua saa 9. Mbele yangu katika mstari wa tiketi alikuwapo mzee mmoja, pamoja na mjukuu wake wa kike. Mzee aliuliza kwa adabu, "Mwanangu, melini chakula kipo?" Mkata tiketi akajibu bila kuinua uso, "Kipo, mzee." Mzee akamgeukia mjukuu na kumwambia aliache kapu la viazi kwa shangazi, lisiwatese njiani.

Upepo wa kusi ulivuma mchana, nahodha akatafuta hifadhi nyuma ya rasi na kutia nanga. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na hadi leo namheshimu. Saa 9 zikawa 17. Kantini ilikuwa na biskuti, peremende na chai. Biskuti ziliisha jua lilipokuwa likizama. Maji ya chupa yalipanda bei mara mbili, kisha nayo yakaisha, na watu wakaanza kuteka ziwani kwa kopo.

Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa amekwisha kutumia dawa yake ya asubuhi kwa kutegemea kwamba atakula. Usiku alianza kutetemeka na kutoka jasho, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Mjukuu alilia. Mama mmoja aliyekuwa amelala juu ya gunia la mchele aliinuka, akakoroga sukari katika kikombe cha chai na kumnywesha taratibu, kisha akafungua kitambaa chake na kutoa muhogo uliochemshwa. Baada ya muda mzee alitulia, akauliza kama tumefika.

Mkata tiketi hakuwa amesema uongo, kwa kuwa chakula kilikuwapo. Lakini neno "kipo" lilibebeshwa mzigo ambao halikuweza kuubeba. Mzee alielewa ugali na mboga, muuzaji alimaanisha biskuti. Kati ya maana hizo mbili, mtu alikaribia kupoteza maisha. Tangu siku ile, katika kazi yangu, sijawahi kulichukulia suala la chakula cha safarini kuwa suala la starehe.

Yasiyopungua kwa sababu safari ni fupi

Yapo mambo yanayoweza kutofautiana kwa haki kulingana na nauli na muda, nayo ni upana wa kiti, kitanda, wingi wa vyakula na meza yenye kitambaa. Aliyelipa zaidi apate zaidi.

Lakini yapo yasiyotegemea daraja wala saa. Usalama wa chombo ni wa kila abiria. Chakula kinachouzwa, hata kikiwa andazi moja, lazima kiwe salama. Choo lazima kitumike na mikono ipate mahali pa kunawia. Taarifa ya kuchelewa itolewe mapema, kwa lugha inayoeleweka, kwa aliyeko chumbani na kwa aliyeko juu ya magunia vilevile. Na maji safi ya kunywa yawepo ya kutosha kwa muda wote ambao chombo kinaweza kuchelewa, si kwa muda ulioandikwa kwenye tangazo peke yake.

Neno hili lina upande wa pili. Miongoni mwenu wapo akina mama wanaopika na kuwauzia abiria samaki wa kukaanga na ugali chombo kinapotia nanga. Ninyi pia ni sehemu ya jiko la meli. Magege aliyekaangwa alfajiri akauzwa alasiri bila kupashwa ni yuleyule wa kantini tunayoilalamikia. Mfunikeni, mpasheni moto, na mnawe kabla ya kupokea fedha na baada yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa safari isiyozidi saa chache, uliza: Tunatarajiwa kufika saa ngapi? Je, maji ya kunywa yanauzwa ndani? Kuna choo? Kisha beba maji yako na kitu kidogo cha kula, kwa sababu saa chache huweza kuzaa nyingine.

Kwa safari ya kulala melini, uliza zaidi: Je, chakula kimo ndani ya nauli, au kinalipiwa pembeni? Ni chakula gani, mara ngapi, na kwa bei gani? Kinapikwa ndani au kinapakiwa kikiwa kimepikwa? Abiria wa daraja langu anaruhusiwa kuingia mgahawani? Chombo kikichelewa, nani analisha abiria? Kuna mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza?

Jibu likiwa "kipo" au "usijali", uliza tena. Kama umeahidiwa chakula ndani ya nauli, omba kiandikwe kwenye tiketi au stakabadhi.

Mwenye kisukari, mama mjamzito, anayenyonyesha na anayesafiri na mtoto mchanga wabebe chakula cha kuwatosha kwa muda mara mbili ya ule uliotangazwa. Mtu mzima ajitengee angalau lita 2 za maji kwa siku. Mahindi ya kukaanga, karanga, viazi na muhogo uliochemshwa siku hiyohiyo huvumilia safari kuliko wali wa nazi. Maji ya ziwa yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa, hata yakionekana maangavu kama kioo.

Ukidhurika au kudanganywa

Tunza tiketi na stakabadhi kwa juma zima baada ya kushuka, maana maradhi ya tumbo huchelewa kujitangaza. Ukiugua, nenda zahanati kwanza, na mweleze mganga ulikula nini, wapi na saa ngapi. Waulize uliosafiri nao kama nao wameugua. Andika tarehe, jina la chombo, daraja ulilosafiri na kiasi ulicholipa. Mtoa huduma ndiye wa kwanza kupelekewa lalamiko. Akipuuza, masuala ya chombo, usalama na huduma za usafiri majini yapelekwe kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Na ahadi za kupotosha katika biashara zinakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Msiseme, "Nilikula biskuti tu, nani atanisikiliza?" Lalamiko la mtu mmoja lenye tarehe, tiketi na jina la chombo lina nguvu kuliko manung'uniko ya abiria mia waliokwisha kutawanyika bandarini.

Hitimisho

Ndugu zangu, ziwa hili limewalisha watu wa Lundo tangu enzi za mababu, na litaendelea kuwasafirisha wajukuu. Meli zitakuja, nyingine za saa chache, nyingine za siku. Za saa chache tuzidai usalama, usafi na ukweli. Za siku tuzidai hayo yote, na zaidi ya hayo zituhifadhi kama nyumba inavyomhifadhi mgeni asiyeweza kupewa jembe.

Na pale dirishani pa tiketi, wazee wetu wasiogope kuonekana wasumbufu. Kuuliza si ujinga. Yule mzee aliuliza swali moja, akanyimwa jibu kamili. Sisi tuulize yote, na tusubiri kujibiwa kabla ya kutoa fedha.